Mkaguzi wa bima apande darini

Paa la mama mdogo lilitua kwenye shamba la mihogo la jirani, hatua kama arobaini kutoka nyumbani kwake Chanika, na lilitua likiwa zima. Halikwenda vipandevipande, bati moja huku na jingine kule. Lilikuwa limelala chali, kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zinatazama mbingu kama mbavu za jahazi linaloundwa, papi za kupigilia bati bado zimeshika kenchi na mabati bado yameshika papi, msumari kwa msumari. Mabati yenyewe yalikuwa ya geji 28. Aliyanunua kwa fedha za kikoba, miaka miwili akiweka, kwa sababu aliambiwa geji 30 ni nyepesi na 32 ni karatasi. Hakudanganywa. Sikuona bati hata moja lililochomoka kwenye msumari wake.

Nikaazima ngazi nikapanda kutazama juu ya ukuta. Ule ubao unaolalia ukuta, ambao mafundi wanauita wolpleti, upande wa jikoni ulikuwa bado upo. Kila mahali ilipokaa kenchi palikuwa na matundu mawili ya misumari ya inchi nne iliyopigwa mshazari, yamezungukwa na alama ya kutu. Matundu mawili tu. Upande wa barazani wolpleti ilikuwa imeondoka na paa, na juu ya zege la lenta, ule mkanda unaozunguka kuta, hapakuwa na kitu: hakuna nondo iliyochomoza, hakuna waya, hakuna hata alama kwamba waya uliwahi kupita. Paa la vyumba vitatu, sebule na baraza lilikuwa limewekwa juu ya nyumba kama kawa juu ya chakula.

Upepo wenyewe ulidumu muda wa kuanua nguo.

Fundi aliyeezeka nyumba ile alikuja kutoa pole, na alikuja kwa moyo mweupe. Nilipomwonyesha matundu yale hakukasirika. "Kaka," akaniambia, "paa lina uzito wake. Bati zote hizi, mbao zote hizi, upepo gani wa kawaida utanyanyua? Hii ni kazi ya Mungu." Mama mdogo akaitikia, "Kweli, mwanangu." Mimi nikanyamaza kwa sababu ya msiba ule. Lakini jibu la fundi ndilo ambalo jiji zima linalo kichwani, tena limo hata kwenye ofisi zenye viyoyozi ambako nyumba zetu zinakatiwa bima. Nataka kulijibu hapa.

Nguvu ya upepo haiendi sambamba na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ikizidi mara tatu, nguvu inazidi mara tisa. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotutahadharisha kuhusu upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, kama inavyofanya mara nyingi kwa wavuvi na wasafiri wa baharini, upepo huo unasukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo saba na nusu hivi kwa kila mita ya mraba. Ifikishe kasi hiyo 120, zinakuwa kilo 68. Sasa pima paa. Bati la geji 28 halifiki kilo tano kwa mita ya mraba. Ongeza papi na kenchi kwa ujenzi wetu wa kawaida, paa zima linacheza kwenye kilo kumi na tano au ishirini. Fundi amezoea upepo wa 40, na kwa upepo huo hesabu yake ni sahihi. Amejenga miaka ishirini hajaona paa likiondoka, akajifunza kutokana na alichokiona.

Tena upepo hausukumi tu. Ukipanda ukuta na kuvuka juu ya bati unalinyonya kwenda juu, na mnyonyo ni mkali zaidi pembezoni, kwenye kona na kwenye ncha. Dirisha likivunjika au mlango ukifunguka upande unakotoka upepo, hewa inajaa ndani na kuanza kusukuma dari kutoka chini, hivyo paa linavutwa na kusukumwa kwa wakati mmoja. Baraza, ambalo bila hilo nyumba ya Dar haijawa nyumba, linaongeza balaa, maana upepo unalikamata kwa chini kama mtu anayenyanyua ukingo wa mkeka. Misumari miwili ya mshazari inazuia mbao isiteleze kwenda pembeni. Kuizuia isinyanyuke ni kazi nyingine, na kazi hiyo inahitaji kitu kinachofunga: mkanda wa bati nene unaopita juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili, au nondo nyembamba iliyoachwa kwenye lenta ikakunjwa juu ya mbao. Wazee wa pwani walilijua hili bila hesabu yoyote. Nyumba ya makuti ilifungwa, boriti kwa nguzo, fito kwa boriti, kuti kwa fito, yote kwa kamba. Tulipohamia kwenye msumari tukaacha kufunga.

Sasa niseme ninachokidai. Kampuni za bima na benki zinazotukopesha fedha za nyumba zinakagua thamani ya nyumba. Namna ilivyofungwa hazikagui. Matokeo yake, mtu wa kwanza kuzitazama kenchi zako kwa jicho la bima anakuja siku kenchi zimelala barabarani, na anakuja kutafuta sababu ya kutolipa. Ukaguzi huohuo ungefanyika mapema ungehitaji ngazi, tochi na nusu saa.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Nyumba yangu iko Goba, ina mkopo wa benki, na kwa kuwa ina mkopo ina bima. Mthamini alikuja asubuhi, kijana mstaarabu na mwenye kujua kazi yake. Alipima kuta kwa kile kifaa cha mwanga, akahesabu vyumba, akapiga picha vigae vya sebuleni, geti na tangi la maji, akauliza madirisha ni ya aluminiamu au ya mbao. Paa alilitazama akiwa amesimama uani, kiganja kwenye paji la uso kukinga jua. Akaandika: bati la msauzi, kenchi za mbao, dari ya jipsamu. Ripoti ilikuwa na kurasa zaidi ya kumi, na kuhusu hali ya paa ilikuwa na neno moja: nzuri. Simlaumu hata kidogo. Alitumwa kujua benki ikiipiga mnada nyumba hii itapata kiasi gani. Kampuni ya bima ikaichukua ripoti ileile, ikakokotoa ada, shughuli ikaisha. Kile kifuniko cha mraba kwenye dari ya koridoni, njia pekee ya kuzifikia kenchi, hakikuguswa na mtu.

Kuna mahali duniani ambako kifuniko hicho kinafunguliwa, na wamefika hapo kwa kuumia. Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Miami, katika jimbo la Florida, Marekani. Nyumba zaidi ya 25,000 ziliharibiwa kabisa, na kampuni 11 za bima zikafilisika. Waliokwenda kuchunguza vifusi walikuta mambo ambayo fundi wa Chanika angeyatambua mara moja: mbao za paa ambazo msumari ulipigwa ukaikosa kenchi, mapaa ya mgongo wa tembo ambayo pembetatu yake ya pembeni haikuegemezwa na kitu, milango ya gereji iliyosukumwa ndani ikaachia upepo. Jimbo likatunga kanuni moja ya ujenzi kwa eneo lake lote, iliyoanza kutumika Machi 2002. Lakini kanuni hushika nyumba mpya. Kwa zile zilizokwishajengwa walipitia mlango wa bima.

Sheria ya Florida inazitaka kampuni za bima zimpunguzie ada mwenye nyumba anayethibitisha kwamba nyumba yake imeimarishwa dhidi ya upepo. Uthibitisho ni fomu moja inayotumika jimbo zima, inayojazwa na mkaguzi mwenye sifa, na inadumu hadi miaka mitano. Ina maswali saba. Inauliza nyumba ilijengwa chini ya kanuni ipi, paa limefunikwa kwa nini, mbao za paa zimepigwa misumari kwa nafasi gani, paa lina umbo gani (la pande nne linastahimili upepo kuliko la mgongo wa tembo), chini ya kifuniko cha paa kuna kinga ya pili dhidi ya maji au hakuna, madirisha na milango imekingwaje. Na inauliza lile swali langu: kenchi imeshikana na ukuta kwa kitu gani? Majibu yamepangwa kwa madaraja, kuanzia misumari ya mshazari, kisha kipande cha chuma, kisha mkanda unaozunguka kenchi upande mmoja, kisha mkanda wa pande mbili. Hapo mkaguzi haruhusiwi kuweka tiki bila picha. Daraja la chini kabisa la fomu ile, misumari ya mshazari, ndiyo nyumba ya mama mdogo.

Sisemi Florida ni pepo ya bima. Ada kule zimepanda sana, kampuni zimefungasha virago, na shirika la bima la jimbo, linaloitwa Citizens, mwaka 2023 lilikuwa limebeba mikataba zaidi ya milioni moja kwa kuwa watu wengi hawakuwa na pengine pa kwenda. Kilichonivutia ni kwamba mtu anapanda darini kabla ya upepo, na anachokiona huko kina bei.

Najua jibu linalokuja: Dar si Florida. Ni kweli. Tuko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na huku mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kukisokota kimbunga kama ulivyo mbali na ikweta. Tena Madagaska inatukingia kifua. Aprili 2021 tulikisubiri Jobo kikafifia kabla ya kutufikia. Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia, boti za Zanzibar zikasimama, kikapoteza nguvu tarehe 4, tukashukuru na kusahau. Lakini kumbukumbu ya pwani hii ni ndefu kuliko yetu sisi tuliopo. Aprili 1872 kimbunga kiliifagia mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikachukua uongozi wa zao hilo. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, na wenzetu wa Mtwara walikuwa wamekwisha kuambiwa wajihadhari.

Hata hivyo simtegemezi mtu kwenye vimbunga ili anikubalie. Upepo uliochukua paa la Chanika haukupewa jina na mtu yeyote. Ni ule unaotangulia wingu zito, unaozoa vumbi na mifuko ya nailoni kabla ya matone ya kwanza. Kila masika na kila vuli tunasoma habari ileile, kwamba mvua iliyoambatana na upepo mkali imeezua nyumba kadhaa, shule, zahanati. Tumeisoma mpaka imekuwa kama utabiri wa kesho. Sijaona habari hata moja kati ya hizo iliyoandika kenchi zilikuwa zimefungwa kwa nini.

Sasa tufungue mkataba wenyewe. Kinachoitwa bima ya nyumba mtaani, hasa kile kinachoambatana na mkopo, mara nyingi ni bima ya moto. Bima ya moto ya kawaida, kwa muundo tuliourithi kwa Waingereza, inalipa moto, radi na baadhi ya milipuko. Tufani, mafuriko, tetemeko la ardhi na maji ya bomba lililopasuka ni nyongeza, zinazoombwa na kulipiwa. Mkataba mwingi bado umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na anayeusaini amezungumza Kiswahili na wakala tangu alipoingia ofisini. Nimewauliza majirani zangu watano wenye mikopo kama bima zao zinalipa paa lililong'olewa na upepo. Hakuna aliyekuwa na hakika, na wawili hawakujua mkataba uko wapi. Nakala ilibaki benki.

Hata ukiwa nayo hiyo nyongeza ya tufani, soma inachokikataa. Kwa kawaida hailipi uzio wala geti. Hailipi nyumba ambayo bado inajengwa, na Dar ni nani aliyemaliza kujenga? Mvua iliyopenya kwenye bati lililooza haihesabiki. Sharti upepo utoboe kwanza, maji yafuate. Halafu kuna kile kipengele kifupi cha uchakavu na kasoro za ujenzi, na hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Mtathmini hasara akifika, kazi yake halali kabisa ni kuuliza: kilichong'oa paa hili ni upepo au ni fundi? Angesimama pale niliposimama mimi kwenye ngazi, akayaona matundu mawili na zege tupu, asingehitaji kuuliza zaidi. Kampuni inaweza kupokea ada miaka sita bila kutaka kujua kenchi zimefungwaje, na ikataka kujua siku ya dai. Bima inasimama juu ya nia njema ya pande zote mbili, kwamba mteja atasema kila anachokijua kuhusu mali yake. Lakini mama mdogo hajui. Alimlipa fundi, akaona bati zinang'aa. Asichokijua hawezi kukificha, na hawezi kukirekebisha pia.

Niingize jambo la pembeni hapa kwa sababu limewaumiza watu ninaowafahamu. Ukiikatia bima ya milioni 60 nyumba ambayo kuijenga upya kunataka milioni 120, umejikatia nusu. Paa la milioni 20 likiondoka, usitegemee milioni 20. Mkataba una kanuni ya uwiano, utalipwa kumi. Bei ya saruji na nondo haingoji mkataba wako, kwa hiyo kiasi ulichoandika miaka mitano iliyopita kinapaswa kuangaliwa upya kila unapolipia.

Nirudi kwenye hoja. Rafiki yangu mmoja anayefanya udalali wa bima alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa hesabu iliyonikalisha kimya. Tuseme, alisema, nyumba ya milioni 100 inalipiwa laki mbili kwa mwaka. Mwenye nyumba akifunga kenchi, tumpunguzie robo nzima. Ameokoa elfu hamsini. Kufungua jipsamu, kumlipa fundi, kununua mikanda, kurudisha jipsamu na kupaka rangi kutamla mara ishirini ya hapo. Florida punguzo linamsukuma mtu kwa sababu ada ya upepo ni mzigo mkubwa. Hapa ada ni ndogo, na punguzo la kitu kidogo ni kidogo zaidi.

Yuko sahihi, na nilikaa na hesabu yake wiki nzima. Mwishowe niliona kwamba anaizungumzia nyumba iliyokwisha kufungwa dari. Nyumba ya Dar haijengwi hivyo. Inajengwa kwa mshahara, kwa mchezo, kwa mauzo ya ng'ombe aliyebaki kijijini. Ikishaezekwa inaweza kukaa mwaka mzima, hata miaka mitano, watu wamehamia ndani na mbao za paa zinaonekana ukilala kitandani. Katika kipindi hicho kila kenchi iko wazi, fundi anaifikia kwa ngazi fupi, na gharama ya kuifunga ni mkanda, misumari minane na robo saa. Siku jipsamu inapopanda, gharama inaruka. Kwa hiyo fomu ya Florida tukiihamisha kama ilivyo, pamoja na punguzo lake, itatushinda. Kinachotufaa sisi ni ukaguzi wa paa kabla ya dari.

Na kwenye hatua hiyo yuko mtu mwenye nguvu ambaye hana haja ya punguzo: mkopeshaji. Mkopo wa ujenzi au wa kumalizia nyumba mara nyingi hutolewa kwa awamu. Awamu ya kumalizia, yenye dari, vigae na rangi, isitoke mpaka picha za kenchi zilizofungwa ziwe kwenye faili. Benki hairuhusu uchelewe na ada ya bima hata mwezi mmoja, maana nyumba ndiyo dhamana yake. Mbona inakubali dhamana hiyo ishikiliwe na misumari miwili? Umeme tayari tunauombea hivyo. Hatuwashiwi mpaka fundi mwenye leseni aweke sahihi yake kwenye mchoro wa wayaringi. Tulilalamika, tukalipa, tukazoea, na hakuna anayeona ajabu.

Wapo watakaosema mkaguzi atahongwa. Siwezi kuwapuuza. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lilianguka mtaa wa Indira Gandhi likaua watu 36, na tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo, na yote mawili yalikuwa katikati ya jiji, hatua chache kutoka kwenye ofisi, vibali na mihuri. Ndiyo maana siombi muhuri mwingine. Naomba picha. Picha ya kenchi na mkanda wake, futikamba imenyooshwa pembeni, tarehe na mahali vikisomeka, ni vigumu kuihonga kuliko tiki kwenye kisanduku. Na tofauti na ofisi ya vibali, kampuni ya bima italipa kwa fedha yake mkaguzi akidanganya. Nawaamini zaidi watu ambao uongo utawagharimu wao wenyewe.

Tusingoje wahandisi wafanye kazi hii yote. Mkoa huu ulihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya nyumba zake hazijawahi kuingiwa na mhandisi kwa kazi yoyote. Kuitazama kenchi na kusema imefungwa au haijafungwa ni kazi ambayo fundi mzuri aliyepita VETA, akapewa mafunzo ya wiki moja na orodha ya maswali, anaiweza. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inaweza kuitunga orodha hiyo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, itumike na kampuni zote, ili ripoti niliyoipata kwa kampuni hii isikataliwe na ile. Mwaka 2022 sheria ilizifanya bima za masoko ya umma na majengo ya biashara kuwa lazima. Nyumba za kuishi sitaki zilazimishwe. Mtu anayejenga kwa jasho lake asiongezewe mzigo ambao haoni faida yake. Apewe kwanza kitu anachokiona kina faida. Mchango wa bima kwenye pato la taifa uko karibu asilimia 2, na wenye kampuni wanasema Watanzania hawana elimu ya bima. Mimi naona wamezoea kuona kampuni ikija kuchukua ada na kuja tena kukataa dai. Kampuni ambayo ziara yake ya kwanza inakuachia karatasi inayosema kenchi ya nne na ya tisa hazijafungwa, zifunge kabla ya masika, hiyo imekupa kitu hata kama upepo hautakuja kamwe.

Mafuriko yanahitaji makala yake, na siwezi kuyapitia hapa kwa haraka bila kuwakosea wale wa Jangwani na Kigogo waliopoteza kila kitu Desemba 2011, wengine wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Nigusie moja tu kwa mkaguzi atakayetokea. Simama barabarani kabla hujaingia getini. Mitaa mingi barabara imepandishwa kifusi mara mbili na tatu, na nyumba iliyokuwa juu ya barabara sasa iko chini yake. Andika tofauti hiyo kwa sentimita. Hakuna ripoti ya uthamini niliyoiona iliyoandika.

Mama mdogo ameezeka upya. Mabati mengi yalinyooshwa yakatumika tena, maana hayakuwa na kosa. Wolpleti safari hii imefungwa kwa nondo zilizochimbiwa kwenye lenta, na kila kenchi ina mkanda unaopita juu yake na kushuka pande zote mbili. Fundi ni yuleyule. Aliomba mwenyewe arudi, akafunga bila kutaka malipo ya mikanda. Binti yake mama mdogo alipanda ngazi na simu, akapiga picha kenchi moja baada ya nyingine, futikamba ikiwa pembeni kama nilivyomwomba, akazichapisha steshenari. Zikatoka picha 38. Jipsamu ikapanda wiki iliyofuata.

Kisha akamwita wakala wa bima, kwa sababu safari hii anataka bima. Wakala alikuja, akapima, akahesabu vyumba, akasimama uani na kulitazama paa, kiganja kwenye paji la uso. Mama mdogo akamletea bahasha. Akazipitia picha zote, taratibu, akasema kazi ni nzuri sana. Halafu akazirudisha kwenye bahasha na kumkabidhi. "Mama," akamwambia, "hizi hazina sehemu kwenye fomu."